Denon, Yamaha au Onkyo? Fundi wa Sauti anajibu maswali yenu

SWALI: Fundi habari za kazi, mi msomaji wako wa siku nyingi hapa Tanga. Sebuleni nina spika tano na sabufa ya inchi 10, zote ziko safi, shida ni risiva (ya sinema na muziki, sio ya dishi), ni ya mwaka 2010, inapiga vizuri tu lakini HDMI zake za kizamani, nikichomeka PS5 ya kijana wangu ile picha ya 4K haitoki inavyotakiwa. TV ni inchi 55, 4K, 60Hz. Nimezunguka nimepata tatu mpya: Denon AVR-X2800H, Yamaha RX-V6A na Onkyo TX-NR6100, na bei nilizopewa zinakaribiana sana. Denon imeandikwa wati 95, hizo nyingine wati 100, muuzaji anasema Denon niachane nayo haina nguvu. Kuna mwingine ana Denon AVR-X2700H iliyotumika, anaiuza bei ya kutupwa. Nisaidie kaka, kichwa kinaniuma.
Baba Wawili, Tanga

JIBU: Salama kaka, Baba Wawili. Nianze na wati maana hapo ndo watu wanapoingizwa mkenge kila siku. Wati 95 na wati 100 ni kitu kile kile, na namaanisha hivyo hivyo, kaa mbele ya spika ufumbe macho abadilishe mtu mwingine hutajua ipi ni ipi. Sauti haipandi sambamba na wati, ukiongeza wati mara mbili, tuseme kutoka 100 mpaka 200, umepata desibeli 3 tu, na ili sikio liseme hapa sauti imekuwa kubwa maradufu inatakiwa kama desibeli 10, ambazo ni wati mara kumi. Sasa kutoka 95 kwenda 100 haifiki hata robo ya desibeli. Huyo muuzaji aidha hajui au ana Onkyo na Yamaha nyingi stoo.

Na ujue hizo namba za hizi mashine tatu ni namba za heshima, zote zimepimwa kwa spika za omu 8, kuanzia Hz 20 mpaka 20,000, chaneli mbili zikipiga pamoja. Kaa macho na boksi linalokuambia wati 165 au wati 200 kwa risiva ya daraja hili hili, ukisoma yale maandishi madogo chini utakuta ni chaneli moja tu inapiga, spika ya omu 6, sauti ya Hz 1,000 peke yake, na upotoshaji wa asilimia 10, yaani sauti ishaanza kukwaruza ndo wakaandika. Zile za PMPO (wati za kutunga za matangazo) kwenye masabufa ya bei chee hata tusizungumzie.

Tena hebu tupige hesabu ya sebuleni kwako. Spika ya kawaida inatoa desibeli 86 kwa wati moja ukiwa mita moja. Wewe umekaa kwenye kochi mita 3, na unataka desibeli 85, sauti ambayo wa chumba cha pili hawezi kulala, hapo spika moja inataka kama wati 7. Saba kaka! Zile mia zinakuja kutumika mlipuko unapopigwa, nusu sekunde, basi, na mlipuko wenyewe sehemu kubwa unabebwa na sabufa ambayo ina umeme wake. Ndo maana nawaambia watu kila siku spika zote kwenye menyu ziwekwe Small na mkato uwe 80 Hz, hata kama spika zako ni ndefu za kusimama chini, besi iende kwa sabufa, risiva ipumue. Ukifanya hivyo zote tatu zitaitosheleza sebule yako na chenji inabaki.

Kwa hiyo wati tumezimaliza. Sasa kabla sijakuchagulia, jaribu kitu kimoja kwanza ambacho hakina gharama. Risiva yako ya 2010 ikiwa ni ya HDMI 1.4 picha ya 4K inaishia fremu 30 kwa sekunde, hata HDR (ile picha yenye mwanga na rangi zaidi) haipitishi, ndo hapo PS5 inapokwama. Lakini angalia nyuma, ile soketi ya HDMI ya kutolea picha, kama imeandikwa ARC basi PS5 ichomeke moja kwa moja kwenye TV, king'amuzi nacho kwenye TV, halafu sauti irudi kwenye risiva kwa waya ule ule mmoja wa HDMI. Kwenye TV nenda mipangilio ya sauti uchague Bitstream au Pass through, kwenye PS5 nako uchague Dolby. Picha inakuwa kamili, sauti unapata Dolby Digital ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Utakachokosa ni Atmos (sauti inayokuja mpaka kutoka juu yako) na zile sauti nzito zisizobanwa za kwenye diski za Blu-ray. Kama nyumbani kwako ni mpira, Netflix na gemu, na hela ina kazi nyingine, kaa hivyo mwaka mzima wala hutaona aibu.

Kama umeamua kubadilisha, basi maswali ni haya: utachomeka nini, na mashine inajua kupima chumba chako vizuri kiasi gani. Mengine ni mapambo.

La kuchomeka ni fupi. Denon na Onkyo zina HDMI 6 za kuingiza na 2 za kutoa, Yamaha ina 7 za kuingiza na 1 ya kutoa. Una king'amuzi na PS5, kwa hiyo hujafika hata nusu, ila ile ya kutoa ya pili ina maana kama una ndoto ya projekta ukutani baadaye. Zote tatu zina eARC, ile ARC iliyoboreshwa. Zote zinaendesha 5.1.2, yaani hizo spika zako tano plus mbili za juu za Atmos siku ukitaka. Hilo neno 8K kwenye boksi lisikunyime usingizi, una TV ya 4K na king'amuzi ambacho mechi nyingi zinakuja hata 4K yenyewe hazijafika.

Ila hapa nisimame kidogo kwa sababu ya ile X2700H ya bei ya kutupwa. Mwaka 2020 risiva za kwanza za HDMI 2.1 zilitoka na chipu yenye kasoro, Denon, Marantz na Yamaha wote walikuwa wanatumia chipu hiyo hiyo, ukichomeka Xbox Series X ukaweka 4K ya 120Hz (fremu 120 kwa sekunde) TV inakuwa nyeusi tii. Jarida la Ujerumani linaitwa c't ndo lililoanika jambo hilo Oktoba 2020. Denon na Marantz wakatoa kiboksi cha kuweka katikati ya waya bure, Yamaha wakakubali kubadilisha bodi ya HDMI bure. X2700H ni ya mwaka huo. RX-V6A nayo ni ya mwaka huo, kwa hiyo hata ikiwa mpya kwenye boksi muulize muuzaji hii ni stoki ya lini. Kwa TV yako ya 60Hz kasoro hiyo hutaiona kabisa, lakini TV watu wanabadilisha, risiva inakaa miaka kumi na zaidi kama hiyo yako, na mtoto akishajua 120Hz ni nini atakuletea kesi nyumbani. Onkyo NR6100 ya 2021 na Denon X2800H ya 2022 zimekuja baada ya hayo, zina soketi 3 kila moja zinazobeba gigabiti 40 kwa sekunde bila matatizo. Hapo kwangu X2700H iliyotumika imetoka, labda bei iwe nusu na muuzaji akuonyeshe inawaka mbele ya macho yako HDMI zote moja moja, nasema moja moja, sio unachomeka HDMI 1 unaridhika, beba king'amuzi chako na waya wako uende nao dukani.

Sasa kupima chumba. Hapa ndo hela yako inapokaa na hapa ndo hizi tatu zinapoachana. Kila moja inakuja na maiki ndogo kwenye boksi, unaichomeka mbele, mashine inapiga milio kwenye kila spika, inasikiliza, halafu inarekebisha. Nyumba zetu za Pwani ndo zinahitaji kitu hiki kuliko watu wote, sakafu tailizi, kuta za tofali na plasta, madirisha ya alumini makubwa, kochi la ngozi, sauti inagonga huku inarudi kule, maneno ya kwenye sinema yanakuwa kama mtu anaongea bafuni. Onkyo ina AccuEQ, ni nyepesi, inapanga umbali na ukubwa wa sauti na kusawazisha kidogo, inaisha haraka. Yamaha ina YPAO, inafanya kazi vizuri na menyu zake wengi wanaziona rahisi. Denon X2800H ina Audyssey MultEQ XT, inapima mpaka sehemu 8 za kukaa, na kuna programu ya simu ya kununua (bei ndogo) inayokuruhusu kuona mchoro wa chumba chako na kuiambia irekebishe mpaka wapi. Kwa chumba chenye mwangwi mi nachukua Denon, na uzuri wa hiyo programu ni kwamba naiambia irekebishe besi tu, kule juu iache spika zipige kwa tabia yake, sauti inabaki na uhai.

Ukipima fanya kweli, usifanye ya kubahatisha. Zima feni. Zima AC, friji kama iko karibu chomoa dakika ishirini haitaoza kitu, subiri bodaboda zipungue nje, usiku ni bora. Maiki usiiweke juu ya mgongo wa kochi wala usiishike mkononi, iweke kwenye stendi au hata mti wa ufagio uliofungwa vizuri kwenye kiti, kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, ikitazama juu. Sehemu ya kwanza iwe pale unapokaa wewe, hizo nyingine zisiachane sana, nusu mita hivi zinatosha. Halafu toka mbele ya spika. Nimeenda nyumba za watu nikakuta mashine imeandika spika ya kushoto iko mita 6 na chumba chote ni mita 4, mtu alipima huku watoto wanacheza sebuleni.

Na kabla ya yote tandika zulia zito kati ya kochi na spika na uweke mapazia mazito, hakuna Audyssey wala mdudu gani anayeweza kuondoa mwangwi wa tailizi, anaweza kupunguza makali tu.

Kama hiyo Atmos inakuvutia, tazama dari. Zile spika za kuweka juu ya nyingine zinazorusha sauti darini ziirudishe zinataka dari bapa na gumu. Dari za jipsamu za siku hizi zenye ngazi ngazi na mataa kila pembe zinatawanya sauti, hutapata kitu. Kwa dari hilo toboa uweke spika za darini au usahau, ubaki na 5.1 nzuri, 5.1 iliyopangwa vizuri inaishinda 5.1.2 ya kubabaisha kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo jibu langu: chukua Denon X2800H kama kweli bei zinakaribiana. Onkyo ikiwa imeshuka bei vya kutosha kununua spika ya kati nzuri zaidi ya uliyonayo, basi chukua Onkyo na hiyo spika, na hapo utakuwa umepata zaidi ya mwenye Denon. Yamaha nainyima nafasi kwa sababu ya umri tu, ni mashine nzuri. Na kama unaweza kusubiri ukachanga zaidi kuna Onkyo TX-RZ50, chaneli 9, wati 120, na upimaji wa Dirac Live umo ndani tayari bila kulipia, hiyo ni daraja jingine kabisa, siilinganishi na hizi, nakutajia tu ili usije ukasema hukuambiwa.

Ukiileta nyumbani ipe nafasi juu kama sentimita 10 isifunikwe na king'amuzi, hizi zinachemka, na iweke kwenye stabilaiza ya VA 1000 kwenda juu. Mvua za radi chomoa na ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, watu wanachomoa umeme wanasahau dishi, radi inapita kwenye dishi inaingia king'amuzi, inafuata waya wa HDMI mpaka kwenye risiva, na bodi ya HDMI ikifa bei yake itakukatisha tamaa.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi ni mzee wa hapa Unguja. Kijana wangu yuko Minnesota, anataka kunitumia risiva ya huko kwa vile anasema ni rahisi kuliko Dubai. Mwenzangu mmoja ananambia itaungua, mwengine ananambia nitie transfoma tu basi. Nani mkweli?
Mzee wa Malindi, Zanzibar

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wote wawili wana ukweli ndani yake. Risiva ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na 60Hz, kwetu ni 230 na 50Hz. Ukiichomeka ukutani hivi hivi itakufa pale pale, na hapo hapana fundi wa kulaumiwa. Ukitia transfoma ya kushusha volti itawaka na itapiga, ila mambo matatu uyajue. Kwanza transfoma inashusha volti tu, zile Hz 50 zinabaki vile vile, na transfoma ya ndani ya mashine iliyopigiwa hesabu ya 60Hz tupu inapata joto zaidi kwenye 50Hz, kwa joto la Unguja hilo si jambo dogo. Pili, usinunue transfoma ndogo ya pasi ya safari, tafuta ya wati 1000 za kweli, nzito, na hiyo nayo ina uzito wake na mvumo wake, weka mbali na waya za spika. Tatu ni redio, Marekani stesheni za FM zinaenda kwa namba witiri tu, 97.1, 97.3, 97.5, na risiva nyingine za huko hazikubali kusimama kwenye 97.4, sasa unayosikiliza asubuhi inaweza isishike kabisa.

Waranti nayo inabaki Marekani, ikileta shida fundi wa hapa anahangaika na vipuri vya volti nyingine. Mi ningemwambia kijana ile hela aitume kama hela, ununue ya Dubai ya volti 230, plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa, unachomeka unasikiliza. Kabla hujalipa geuza mashine nyuma usome kibandiko karibu na pale waya wa umeme unapoingia, kiseme AC 230V au 220-240V, na hiyo 50Hz iwemo. Kama kimeandikwa 120V 60Hz, au 100V maana hizo ni za Japani zinapita sana kwenye mitumba, hata wakikwambia washaibadilisha ndani, rudisha. Na ibebe kwa mikono yako mwenyewe mzee, risiva ya kweli ya chaneli saba ina kilo 9 mpaka 10 hivi, ukiinyanyua ikaja kama boksi la biskuti hiyo sio.

SWALI: Hujambo fundi. Tukitazama sinema maneno hayasikiki, naongeza sauti ndo nisikie, kidogo mlipuko unakuja watoto wanaamka wanalia. Mume wangu anasema tununue risiva nyingine kubwa. Tuna Denon ya miaka minne na spika tano.
Mama Watoto, Nakuru

JIBU: Sijambo dada. Msinunue kitu. Hiyo Denon ni mpya bado na shida yenu haiko ndani ya risiva. Maneno karibu yote ya sinema yanatoka kwenye spika moja, ile ya kati, sasa nenda kaitazame imekaa wapi. Mara nyingi naikuta imesukumwa ndani kabisa ya kabati la TV, inapiga kwenye ubao, au iko chini inawaimbia magoti. Ivute mbele mpaka ukingo wa kabati, iinue kichwa kidogo kwa kuweka kitu chini yake itazame masikio yenu. Halafu kwenye menyu ya spika ongeza ya kati desibeli 2 au 3, hizo nyingine ziache.

Kwa watoto waliolala kuna kitu kwenye hiyo hiyo Denon kinaitwa Dynamic Volume, kiweke Light au Medium usiku, kinapandisha minong'ono na kukandamiza milipuko, mchana mkizime mpate sinema yenyewe. Na mwisho hakikisha TV haitumi sauti ya stereo, kwenye mipangilio ya sauti ikiwa PCM badilisha iwe Bitstream, kisha mkiweka sinema angalia kioo cha risiva, kama inaonyesha Dolby basi spika ya kati inapata sauti yake yenyewe. Ikiwa bado haisikiki baada ya hayo yote, niandikie tena unitajie spika hiyo ya kati ni ipi na mnakaa mita ngapi kutoka kwake, tutaanza kutafuta spika, sio risiva.